Somo: namna ya kusikiliza redio ya matreni ya Marekani ukiwa Lubumbashi

Bandugu, jambo yenu yote. Batu mingi bananiuliza nini minasikilizaka ku ekuteri kila mangaribi, basi leo minaandika yote fasi moja ili kila mutu ajaribu mwenyewe. Ni matreni. Ni mashinisti (mwenye anaendesha treni) na dispacha (mwenye anaongoza matreni toka ku ofisi) ba kule Marekani banaongea ku redio, saa ile ile yenye treni inapita. Na mutu wa Lubumbashi kupenda treni haiko ajabu, reli ilifika hapa 1910 ikitokea kusini na mji ikakulia hapo, mu familia mingi kuko baba ao nkambo mwenye alitumika ku reli. Kule Marekani redio ya treni inatoka wazi, sauti ya FM ya kawaida, njo maana batu banaisikilizaka na skana bila shida.

Hatua ya 1: ujue skana inafanya nini

Skana ni redio ya kupokea tu, haisemi. Unaiwekea frekansi zako, inapitapita haraka, ikikuta mutu anaongea inasimama pale, akimaliza inaendelea. Matreni ya Marekani yako kati ya 160.215 na 161.565 MHz, na kila chaneli iko na namba yake, ya mwisho ni 97. Kuko hesabu moja nzuri sana: chukua namba ya chaneli, zidisha kwa 0.015, kisha ongeza 160.110. Chaneli 36 unapata 160.650. Ukisikia mashinisti anasema "channel 36" unajua amehamia wapi, hata kama hauna liste yoyote. Andika hesabu ile ku karatasi, itakutumikia.

Hatua ya 2: tafuta strimu

Sisi ya huku hatuwezi kushika mawimbi ile na antene, mawimbi ya namna hii (VHF) haivuke bahari. Lakini kule kuko batu ba mapenzi benye wanaweka skana yao ku nyumba karibu na reli na wanatuma sauti ku intaneti, sayiti ya Broadcastify iko na mingi, tafuta kipande ya railroad. Mi ninashauri uanze na Rochelle, mu Illinois, pale njia ya kampuni Union Pacific na njia ya kampuni BNSF zinakatana chini, bila daraja, na batu ba mji bamejenga park ya kuangalia treni, na kamera iko ku intaneti pia. Ingine ni Folkston, mu Georgia, treni za kampuni CSX, pale treni za kupanda na kushuka Florida zinapita fasi moja mpaka batu banaita pale funeli.

Mambo ya mega: strimu ya sauti peke yake ya kilobiti 16 inakula karibu mega 7 kwa saa, ni kitu kidogo sana. Kamera ya video njo inamaliza forfe yako, mamia ya mega kwa saa, kwa hiyo video muache ya siku ya wifi. Na saa: Rochelle iko nyuma yetu masaa 7 wakati wa joto yao, masaa 8 wakati wa baridi. Saa mbili ya usiku yetu, kule ni mchana, treni zinatembea, na kama kuran (umeme) imekatika telefone inatosha.

Hatua ya 3: anza na detekta, usianze na batu

Hapa njo batu banaangukaka. Wanafungua strimu, wanasikia Kiingereza ya haraka na kelele, wanafunga. Usifanye vile. Ngoja mashini. Pembeni ya reli kule kuko vifaa vya kupima joto ya magurudumu, treni ikimaliza kupita, kifaa chenyewe kinasema ku redio na sauti ya mashini, taratibu, maneno karibu ile ile siku zote: jina ya kampuni, neno "detector", "milepost" na namba (ni sawa PK, namba ya kilometa ya reli yetu, lakini ni maili), kisha "no defects" maana yake hakuna ubaya, kisha "total axles" na namba ya ekseli (ile chuma yenye inaunganisha magurudumu mbili), kisha "out", amemaliza.

Sasa angalia utamu yake. Tuseme detekta inasema ekseli 418. Lokomotivi kubwa za kule ziko na ekseli sita kila moja, wagoni ya kawaida iko na nne. Kama umesikia ao umeona treni iko na lokomotivi tatu, toa 18, inabaki 400, gawa na nne: wagoni 100. Umekaa Kamalondo, huku Lubumbashi, umehesabu treni ya Illinois na haujaona hata wagoni moja!

Na kama kuko ubaya, ile "no defects" haitakuja, itasema "hot box" (fasi ekseli inazungukia imepata moto sana) ao kitu ingine, reli ya upande gani, na ekseli ya ngapi kuanzia mbele. Tuseme 112. Toa 18, inabaki 94, gawa na nne, ni 23 na kidogo, kwa hiyo ni wagoni ya 24. Mashinisti anasimamisha, shefu wa treni anashuka anatembea na mguu mpaka pale kugusa na kuangalia, na weye unamufuata ku redio mpaka mwisho. Mi siku ya vile siwezi kulala mbele nijue kama walipata nini.

Hatua ya 4: dispacha na karatasi

Ukizoea detekta, hamia kwa batu. Ujue desturi yao: treni inaitwa na jina ya kampuni na namba ya lokomotivi ya mbele na upande yenye inaenda. "Over" ni nimemaliza nangoja jibu, "out" ni nimemaliza na singoje kitu. Mu fasi zenye treni inaenda na ruhusa ya sauti, dispacha anasoma ruhusa kipande kwa kipande, kutoka wapi mpaka wapi, mu treni mutu anaandika ku karatasi, kisha anarudilia yote neno kwa neno, dispacha anasikiliza, kama ni sawa anasema "OK" na saa. Bila ile kurudilia ruhusa haina nguvu, treni haisogee. Na sheria yao inakataza kumusomea ruhusa mutu mwenye anaendesha treni iko inatembea, kwa hiyo sauti yenye inarudilia mara mingi ni ya shefu wa treni. Kwa sisi ya Kiingereza ya masomo ile kurudilia ni zawadi, kila kitu unasikia mara mbili, sauti mbili tofauti. Kilichokupita kwa dispacha utakishika kwa shefu.

Neno moja ya kujua: "emergency" ikisemwa mara tatu mufululizo, wengine yote wananyamaza. Ukisikia ile, nawe acha kila kitu usikilize.

Hatua ya 5: kwa benye wako kule

Muko na bandugu Marekani, wapelekeeni somo hii. Skana ya analogi ya bei ya kawaida inatosha, ile Uniden BC125AT inatumikiwa na wengi. Antene iwe ya kusimama wima, robo ya wimbi ku frekansi hizi ni sentimita 46 hivi, inashinda ile ya mupira yenye inakuja na skana. Waweke FM nyembamba. Na ku 457.9375 kuko kifaa cha mukia wa treni kinatuma data, nguvu yake ni kidogo sana, ukisikia ile kelele fupi fupi treni iko karibu. Ku strimu ya intaneti hamutaipata.

Maswali ya bamemba (mbele ya kila swali ni fasi yenye ilitoka)

Katuba: Yaya, asante, lakini Kiingereza yangu ni ya namba tu.
Jibu: Ndugu yangu, namba njo kitu ya kwanza yenye unahitaji. Mara mingi wanasoma digiti moja moja, nne, mbili, saba. Juma nzima sikiliza detekta peke yake na andika ekseli.

Ruashi: Strimu yangu imenyamaza dakika 20, imekufa?
Jibu: Hapana. Skana inafunga sauti kama hakuna mutu anasema, inaweza kunyamaza hata saa nzima. Angalia tu kama bado inaandika kwamba imeunganishwa. Fungua mbili tofauti, hautachoka.

Likasi: Kwa nini namusikia dispacha vizuri lakini mashinisti hapana?
Jibu: Swali ya akili, papa. Dispacha anatokea ku mnara mirefu pembeni ya reli, mashinisti anatokea ku treni, na mwenye strimu anashika treni yenye iko karibu na nyumba yake tu. Kwa hiyo utasikia nusu ya mazungumzo. Ile kurudilia ya Hatua ya 4 utaisikia kama treni iko karibu na mwenye strimu.

Kenya (komini ya Lubumbashi): Treni inapita karibu na kwetu, naweza kununua skana nisikilize SNCC, kampuni ya reli yetu?
Jibu: Hapana, tafazali. Katiba yetu, artikle 31, inalinda siri ya mawasiliano, na sheria 20/017 ya 25 Novemba 2020 njo inatawala mambo ya telekomi, ARPTC, ofisi ya serkali ya telekomi, inasimamia. Ruhusa ya kusikiliza kule Marekani ni ya kule tu. Treni ya kwetu iangalie na macho, simama mbali na reli, uliza bazee ba cheminot (benye walitumika ku reli) wakueleze, wanajua mambo yenye hakuna redio itakupa.

Kampemba: Ile sauti ya tii-tuu-tii kama ya kubonyeza telefone ni nini?
Jibu: Ni hiyo hiyo. Mashinisti anabonyeza kodi ya namba ili mnara ya karibu imuitie dispacha. Ukisikia ile, shika kalamu, kuko mazungumzo inakuja.

Goma: Muramu yangu anarudi toka Marekani mwezi ujao, anataka kuniletea skana yake. Huku hatuna reli lakini napenda.
Jibu: Mwambie aiache kule, dada. Kwa hali ya Goma, mutu na redio ya antene ku begi anaweza kuulizwa maswali mabaya ku bariere, na hakuna treni yenye utashika nayo. Kama iko na mutu anabaki kule karibu na reli, amuachie, aiunganishe na intaneti, weye utaisikiliza ku telefone yako bila kubeba kitu. Niandikie akishafanya, nitawasaidia kuchagua chaneli ya kuweka.