Jozi Moja ya Njiwa, Viota Viwili: Kwa Nini Makinda Wanakufa Wakiwa na Wiki Mbili

Wafugaji wa njiwa wa Arusha na Moshi, hasa wanaofuga katika mabanda ya mbao nyuma ya nyumba, wamekuwa wakinifikia na malalamiko ya aina moja: makinda walianguliwa salama, wakalishwa, wakaanza kuota manyoya, kisha kati ya siku ya 14 na ya 21 wakakutwa wamekufa kwenye kona ya chumba au chini ya banda. Wengi huenda moja kwa moja kwenye duka la dawa za mifugo kununua antibaotiki ya kuku. Katika mabanda mengi niliyoyakagua dawa hiyo haikuwa na kazi ya kufanya, kwa kuwa kilichowaua makinda hakikuwa ugonjwa. Jozi ilikuwa imepewa kiota kimoja tu.

Njiwa hasubiri makinda wake wajitegemee ndipo atage tena. Jike anayekula vizuri hutaga mayai mengine makinda wakiwa na wiki 2 hadi 3, wakati bado wanahitaji kulishwa kwa takriban wiki 2 zaidi, na kuanzia hapo sehemu kubwa ya kazi ya kuwalisha huachiwa dume. Kiota kikiwa kimoja, jike huwadonoa makinda na kuwasukuma ili apate nafasi, au hutaga katikati yao, na mayai huchafuka kwa kinyesi na kupasuka kwa kukanyagwa. Tena kuanzia takriban siku ya 10 wazazi hupunguza kuwafunika makinda usiku, kwa hiyo kinda wa siku 15 aliyesukumwa nje ya kiota, ambaye chini ya mbawa bado ana ngozi tupu, hawezi kustahimili usiku wa Julai wa Ngaramtoni au Machame. Mfugaji anapoteza makinda 2 na mayai 2 kwa mara moja, na mwezi unaofuata hali inajirudia vilevile.

Vipimo ni hivi, na naomba vifuatwe kwa futi ya seremala, si kwa kukadiria kwa macho. Chumba cha jozi moja kiwe na upana wa sentimita 60, na kina na kimo cha sentimita 35 kila kimoja. Ndani yake yawepo mabakuli 2 ya udongo, moja kila upande, yenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 25 na kina cha sentimita 7 hadi 8, na katikati ya chumba upigiliwe ubao wenye kimo cha sentimita 10 ili makinda wakubwa wasitambae kwenda kwenye mayai mapya. Bakuli la plastiki lisitumike, kwa sababu linateleza na miguu ya kinda hutanuka kwenda kando ikiwa bado laini. Akishakua nayo hivyo hawezi tena kusimama. Kama banda lako tayari lina vyumba vya upana wa sentimita 30, huna haja ya kulivunja: ondoa ubao unaotenganisha vyumba viwili vilivyo jirani na ubakishe sentimita 10 za chini.

Hapo ndipo ninapopingwa, kwa sababu banda la vyumba 12 linageuka kuwa la jozi 6. Nimeshuhudia mfugaji akikubali ushauri, akatoa mbao, na baada ya wiki mbili akaingiza jozi ya saba kwa kuwa aliona upande mmoja wa chumba "umekaa bure". Haukukaa bure, ulikuwa unasubiri mayai. Jozi ngeni ilipigana na wenyeji, na makinda wa chumba hicho wakakanyagwa.

Muda nao una uzito uleule. Bakuli la pili liwekwe siku ya 10 tangu makinda waanguliwe, wala lisichelewe kupita siku ya 12, likiwa na maranda makavu ya kina cha sentimita 2 pamoja na nyasi kavu na vijiti ambavyo njiwa watavipanga wenyewe. Kuliweka siku unapoliona yai ni kuchelewa, maana jike huwa amekwisha kuchagua mahali siku kadhaa kabla. Yai la pili hufuata la kwanza baada ya takriban saa 44, na kuatamia huchukua siku 17 hadi 18, kwa hiyo mwenye daftari anaweza kuhesabu tarehe zote. Asiyeandika tarehe ya kuanguliwa asiniambie kwamba makinda wamekufa "wakiwa wadogo tu". Umri wa kinda aliyekufa ndio unaoonyesha chanzo, na bila huo hata mimi sina pa kuanzia.

Kinda mmoja akifa, mtoe asubuhi hiyohiyo na umwache mwenzake kwa wazazi. Wazazi wakipotea, yatima ahamishiwe kwa jozi yenye kinda mmoja ambaye hawapishani umri kwa zaidi ya siku 3, kwa sababu katika siku za mwanzo makinda huishi kwa maziwa yanayotoka kwenye gole, yaani kifuko cha chakula kilicho shingoni mwa wazazi, na maziwa hayo hubadilika haraka kuwa nafaka. Usimpe maziwa ya ng'ombe wala uji wa mahindi. Hawezi kuyeyusha maziwa hayo, na uji haumpi protini anayoihitaji.

Mambo yakienda sawa, jioni makinda wote wawili wana gole lililojaa na wanalingana ukubwa.

Makinda wakishatoka kiotani, kwa kawaida wakiwa na wiki 4 hadi 5, bakuli lao lioshwe, lianikwe juani siku nzima, na lirudishwe chumbani siku ya 10 baada ya wadogo zao kuanguliwa.