Jinsi ya kuomba faili ya jamaa aliyelazwa au kufungwa zamani: nilivyofanya hapa Mombasa

Mdogo wake bibi alichukuliwa nyumbani kwao Kibokoni akiwa kijana, akapelekwa hospitali ya serikali kwa maradhi ya akili, na hakurudi. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila Ramadhani ikiingia alikuwa akiuliza swali lile lile: amezikwa wapi? Alifariki bila kujibiwa. Mwaka jana nikaamua kuifuata faili yake. Ilinichukua miezi minane kuipata, na mitano katika hiyo ilipotea kwa mambo ambayo lau ningekuwa na mtu wa kunieleza, nisingeyafanya. Ndiyo maana naandika. Najua ziko nyumba nyingi hapa Mombasa zenye mtu kama huyu: mjomba aliyefungwa na jina lake likawa halitajwi tena, shangazi aliyepelekwa wodi ya akili, mtoto aliyechukuliwa na korti akawekwa shule ya kurekebisha tabia. Karatasi zao mara nyingi bado zipo.

Jua kwanza karatasi iko kwa nani leo

Barua yangu ya kwanza niliipeleka kwenye ofisi ya serikali kuu. Ilikaa huko mwezi mzima na zaidi, kisha nikaambiwa si yao. Kumbe afya iligatuliwa tangu 2013. Hospitali Kuu ya Pwani, ile ya Port Reitz na nyingine za umma hapa kwetu ziko chini ya kaunti, na vitabu vyake vya zamani, vikiwa bado viko hospitalini, vinafuata hospitali, hata kama mgonjwa alilazwa wakati wa Mzee Kenyatta. Magereza hayakugatuliwa. Ukimtafuta mtu aliyekuwa Shimo la Tewa, iwe gereza kubwa au borstal, yaani gereza la vijana, barua yako inakwenda kwa Idara ya Magereza. Shule za kurekebisha tabia na makao ya rumande ya watoto ni serikali kuu vilevile, idara inayoshughulikia watoto. Mgonjwa aliyehamishiwa Mathari, Nairobi, amehama mkono pia, kwa sababu Mathari ilibaki kuwa hospitali ya taifa.

Na kama mtu wako alifungwa Ngomeni, yaani Fort Jesus, ambayo ilikuwa gereza tangu 1895 mpaka 1958, usiende kuuliza pale mlangoni kwa wanaokata tiketi. Makumbusho yamerithi jengo. Makaratasi ya utawala wa wakati ule yatafute Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, lile jengo la Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya. Faili nyingi za uliokuwa Mkoa wa Pwani zimewekewa herufi CA mbele ya namba zake, na ukimtajia herufi hizo mhudumu wa chumba cha kusomea, anajua pa kuanzia. Kwa kawaida rekodi za serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, zile siku za Mau Mau, wakiwemo waliowekwa kambi za Hola na Manda, wana njia moja zaidi: mafungu ya faili ambayo Waingereza waliondoka nayo na yakakaa yamefichwa mpaka yalipojulikana 2011, sasa yako kwenye makavazi yao ya Kew, London, chini ya alama FCO 141. Orodha yake inasomeka bure kwenye intaneti.

Namba kwanza, jina baadaye

Hapa ndipo nilipoumia zaidi, kwa hivyo nitapaeleza polepole.

Faili hospitalini hazipangwi kwa majina. Mtu akilazwa, anaandikwa kwenye rejista, anapewa namba, na faili inakwenda rafuni kwa namba ile. Gerezani ni hivyo hivyo. Ukienda na jina peke yake, unamtaka afisa wa rekodi asome vitabu vya miaka mizima mstari kwa mstari, na afisa huyo ana foleni ya wagonjwa wa leo wanaosubiri faili zao. Atakwambia "haipo", na kwa namna ulivyouliza atakuwa hajakosea. Mimi niliambiwa haipo mara tatu katika miezi miwili.

Namba unaipataje? Anzia nyumbani. Fungua sanduku la bibi, lile la nguo za zamani, uangalie kadi ya kliniki, barua ya hospitali, cheti chochote chenye muhuri. Gerezani, barua walizoandika wafungwa mara nyingi zina namba ya mfungwa juu. Kwetu hatukupata kitu. Ikabidi tuipate kwa kubana tarehe mpaka ukurasa ujulikane.

Wazee wetu hawakuhesabu kwa Januari na Februari. Shangazi alikumbuka kwamba mdogo wake bibi alichukuliwa Mfungo Sita, siku chache kabla ya Maulidi, mwaka ule ambao mama yangu mdogo alizaliwa. Cheti cha mama mdogo kinasema 1971. Kalenda ya Kiislamu unaweza kuigeuza kwenye simu yako: Mfungo Sita wa mwaka ule ulianzia mwisho wa Aprili ukaishia karibu na mwisho wa Mei. Hapo nikawa siulizi tena kuhusu "miaka ya sabini". Nauliza kurasa za wiki nne. Afisa anaweza kukubali wiki nne.

Kisha jina. Kwetu anaitwa Athumani Hamisi. Nilishikilia tahajia hiyo kwa sababu ndiyo inayotamkwa nyumbani. Mara ya nne nilimkuta mzee mmoja wa rekodi, karibu kustaafu, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, hilo ni jina mnaloitana nyumbani. Huyu aliandikwa na mtu asiyewajua." Akanipa karatasi akaniambia niandike kila namna ambayo karani mgeni angeweza kulisikia. Niliandika Athman, Othman, Osman, Asuman, Asmani. Na Hamis, Khamis, Amis. Nakusihi ufanye orodha hiyo kabla hujatoka nyumbani. Ongeza na jina la babu yake, maana wengine waliandikwa kwa jina la tatu, na ongeza jina la utani kama alikuwa nalo mtaani.

Rejista yenyewe ni kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, mgongo umekatika na kushikwa kwa plasta ya wodini. Safu zimepigwa mistari myekundu. Wino wa buluu umegeuka kahawia. Mstari wa saba wa ukurasa wa pili tulioufungua: Asmani Amis. Mwanamume. Umri 25, na alama ya kuuliza mbele yake. Halafu safu ya jamaa wa karibu: "dada", na jina la bibi yangu limekosewa herufi moja, na neno Kibokoni. Nilikaa kitako. Miaka yote ile bibi akiuliza, jina lake lilikuwa limeandikwa mle.

Barua

Usiombe kwa mdomo. Andika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ndiyo inayoeleza utaratibu. Barua inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Sheria imevitaja vyote viwili. Niliambiwa dirishani niirudishe kwa Kiingereza, nikamwonyesha karani kifungu cha 8 kwenye simu, akaipokea. Mtu asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa ulemavu, anaeleza kwa mdomo na afisa ana wajibu wa kumwandikia na kumpa nakala. Mwambie hivyo mzee wako asione haya.

Barua iwe fupi. Yangu iliyofaulu ilisema hivi: "Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya ukurasa wa rejista ya waliolazwa mwezi wa Mei 1971 wenye jina Asmani Amis, namba kama ilivyoandikwa hapo, pamoja na faili ya mgonjwa huyo na kumbukumbu yoyote ya kuhamishwa, kuruhusiwa, kufariki na kuzikwa kwake. Mimi ni mjukuu wa dada yake." Chini weka jina lako, namba ya simu na nakala ya kitambulisho, kwa kuwa haki hii ni ya raia.

Chapisha mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uondoke nayo. Usiondoke bila muhuri huo. Barua yangu ya pili niliikabidhi mkononi kwa mtu aliyenipokea kwa uzuri kabisa, nikaondoka na ahsante. Miezi miwili baadaye hakuna aliyekuwa na habari nayo, wala mimi sikuwa na cha kuonyesha. Siku za kisheria zinahesabiwa kuanzia barua inapopokelewa, na bila muhuri huna siku ya kuanzia.

Watakapokwambia ni siri ya mgonjwa

Watakwambia, na si ubaya. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria na mimi nisingependa iwe vingine. Wewe jiandae kuonyesha kwamba ni mtu wake. Kama kuna cheti cha kifo, beba. Kama hakuna, barua ya chifu inayoeleza ukoo, na hati ya kiapo kwa wakili. Familia ya Kiislamu iliyopitia Mahakama ya Kadhi kwa mirathi huwa na uamuzi wenye majina ya warithi; nakala yake ina uzito kuliko maneno yote utakayosema. Kisha wakumbushe kwa adabu kwamba sheria ile ya 2016 inachukulia kuwa habari iliyokaa ofisini zaidi ya miaka 30 haina kizuizi, mpaka ofisi yenyewe ithibitishe vinginevyo.

Mtu akiwa hai, mambo ni tofauti. Aombe mwenyewe, au akupe idhini ya maandishi. Wewe uliyelelewa kwenye makao ya serikali una haki ya kuona data yako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na huhitaji kumweleza mtu kwa nini unaitaka.

Kungoja

Ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kuongeza 14, mara moja tu. Ikiona barua si yake, inapaswa kuipeleka kwa ofisi inayohusika ndani ya siku 5. Jambo linalogusa uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano jamaa yuko gerezani sasa hivi na anahitaji rekodi ya matibabu, ni saa 48. Liandike hilo wazi juu ya barua. Kimya baada ya muda kupita kinahesabiwa kuwa umekataliwa, na ukikataliwa una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman, ambayo ina ofisi hapa Mombasa. Huhitaji wakili. Beba ile nakala yenye muhuri.

Kuomba hakulipiwi. Unacholipia ni gharama ya kutoa nakala. Malipo ya huduma za serikali kuu hupitia eCitizen, paybill 222222. Ya kaunti yana mfumo wake na risiti yake. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie "ya kuharakisha", usitume. Mimi nilituma mara moja, sikupata faili wala pesa.

Mkikosa kabisa hospitalini, jaribuni msajili wa vizazi na vifo. Kifo huandikishwa pale kilipotokea, si pale kwao marehemu, kwa hivyo aliyefia Nairobi msimtafute Mombasa. Na korti: miaka hiyo mgonjwa wa akili aliweza kupelekwa kwa amri ya hakimu, na amri hiyo ina faili yake mahakamani.

Siku ya kupewa

Nilijibiwa siku ya 19. Bahasha ilikuwa na barua ya mistari miwili: alilazwa Mei 1971, alifariki Novemba 1974. Nilishukuru, kisha nikamwambia afisa kwamba niliomba ukurasa wenyewe, si maelezo yake. Nawe ushikilie hapo hapo. Uombe rejista ipigwe nakala ukurasa mzima, safu zote hadi ya mwisho kulia, hata ile iliyojikunja mshononi, na igongwe muhuri wa nakala halisi. Ilibidi wakibane kitabu kwa mikono miwili juu ya mashine.

Safu ya mwisho ya rejista ya vifo imeandikwa kwa kalamu nyingine: mwili umechukuliwa na Waislamu wa msikiti, Kikowani. Bibi mwenyewe tulimzika Kikowani. Ijumaa iliyofuata tulikwenda na shangazi na mama mdogo, tukasimama upande wa makaburi ya miaka ile, tukamsomea Yasini. Safu hiyo haikuwamo kwenye barua.