Desemba Dubai: kula kibaridi na mataa bila kumaliza mshahara

Kama uko Dubai kikazi au umekuja kumsalimia ndugu mwezi wa kumi na mbili, jua umepata wakati wenyewe, maana kuanzia hapo mpaka Februari ndio mtu anatembea nje kwa raha. Mchana nyuzi 25 hivi, usiku zinashuka kwenye 15. Mtu wa Njombe au Limuru atacheka akisikia hilo nalo linaitwa baridi, ila acheke akiwa na sweta mkononi, kwa sababu jua linazama mapema, kama saa kumi na moja na nusu jioni hivi, na ukiwa ufukweni au jangwani upepo unakupiga vibaya. Afu nyumba nyingi hazina hita, sakafu ni vigae vitupu, so soksi muhimu. Na kwenye mall AC iko palepale hata kama nje kumepoa, wale hawazimi!

Kwa hiyo mizunguko yote panga baada ya magharibi, ndipo mataa yanapendeza na hewa iko poa.

Mwanzoni mwa mwezi usitafute miti ya Krismasi kwanza, angalia bendera. Tarehe 2 Desemba ni sikukuu ya taifa, nchi hii ya Falme za Kiarabu (UAE) iliungana 1971, basi barabara na maghorofa yanavaa taa nyekundu, kijani na nyeupe, na huwa kuna mapumziko ya kazi pia. Miti mikubwa utaikuta kwenye mall, na kuiangalia ni bure kabisa, jaza tu kadi yako ya nauli, ile ya nol, upande metro. Ukitaka kitu cha hela ndogo zaidi nenda Deira, panda abra, yaani kile kiboti, kuvuka Creek, ule mkono wa bahari, kwa dirham 1, kunywa chai ya karak ng'ambo, ukae uangalie maji. Mimi hiyo naipenda kuliko masoko ya Krismasi ya hotelini ambako kikombe cha chokoleti moto kinakuuma roho.

Krismasi yenyewe siyo siku ya mapumziko huku, omba ofu mapema kabla wenzako hawajaiwahi. Kwa ibada, Wakatoliki wengi wanaenda St. Mary's pale Oud Metha, kanisa lipo tangu 1967, na mkesha watu wanajaa mpaka nje so wahi na beba hiyo sweta.

Mkiwa kikundi na mmoja ana leseni, changeni gari mpande mlima Jebel Jais kule Ras Al Khaimah, karibu mita 1,900 juu. Huko ndio baridi ya kweli, kuna mwaka theluji ilianguka, tena usiku bila jaketi mtashuka mbio. Bebeni chapati na chai kwenye chupa.

Fataki za mwaka mpya sasa. Ukitaka kukaa chini ya Burj Khalifa lazima uende mchana, stesheni ya metro ya pale wanaifunga jioni, na kutoka ni vita. Mnara ni mita 828 jamani, unaonekana mbali, tafuta sehemu Jumeirah utaona vizuri tu na utarudi kulala.

Taa za kupamba chumba zipo za bei poa Dragon Mart, na ukisubiri Januari zinashuka zaidi. Kama chumba mnashea, ongea na wenzako kwanza maana kuna anayeingia shifti alfajiri. Na unaweza kuzibeba mpaka nyumbani Kenya au Bongo, pini tatu zilezile.