Kutazama nyota ukiwa katikati ya jiji: hatua kwa hatua

Wakazi wengi wa mijini wameshakata tamaa na anga lao. Wakiinua macho wanaona ukungu wa taa na nyota za kuhesabika, basi wanaamua kwamba mambo ya nyota ni ya watu wanaoishi mbali na umeme. Kweli, Njia Nyeupe huwezi kuiona ukiwa katikati ya jiji kubwa, wala hakuna kifaa cha kununua kitakachoirudisha. Lakini Mwezi, sayari, nyota pacha (mbili zinazoonekana kama moja kwa macho matupu) na mafungunyota kadhaa (nyota nyingi zilizosongamana pamoja) havihitaji giza totoro. Vinahitaji uchague vizuri mahali pa kukaa, saa ya kutoka na kitu cha kutazama. Nimeviweka vifaa nyuma kwa makusudi, kwa sababu hatua za mwanzo hazina gharama na ndizo zenye faida kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Zuia taa inayokupiga machoni

Taa za jiji hukusumbua kwa njia mbili. Kwanza kuna nuru inayopanda juu, ikagonga vumbi, mvuke na hewa yenyewe, halafu ikatawanyika na kufanya anga zima ling'ae. Hiyo huna la kuifanya. Pili kuna taa inayokuja moja kwa moja machoni mwako: ya barabarani, ya ukuta wa jirani, ya dirisha lako mwenyewe. Hii unaweza kuizuia, na ukiizuia utashangaa nyota zinavyoongezeka, maana taa moja tu ndani ya upeo wa jicho inatosha kuibana mboni.

Tafuta kona ambayo ukuta, mti au tangi la maji limeficha kila taa. Jaribu kuketi badala ya kusimama. Mara nyingi ukingo wa paa au uzio mfupi hufunika taa ambayo ulikuwa ukiiona ulipokuwa wima. Ikibaki moja isiyozuilika, jifunike kitambaa cheusi kichwani mpaka usoni, uache nafasi ya kutazamia tu. Wapita njia watashangaa kidogo, lakini njia hii inafanya kazi.

Hatua ya 2: Yape macho muda

Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Mjini halifiki mwisho wa uwezo wake, lakini hata nusu ya safari hiyo inakupa nyota ambazo hukuziona ulipotoka mlangoni. Simu ndiyo adui mkubwa hapa: ukiitazama kwa sekunde chache, kazi yote inaharibika. Kama unatumia programu ya ramani ya nyota, mfano Stellarium, washa rangi nyekundu ya usiku na upunguze mwanga wa kioo hadi mwisho.

Hatua ya 3: Pima anga lako

Ung'avu wa nyota hupimwa kwa magnitudi. Namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Tofauti ya magnitudi 5 ni sawa na mara 100. Chini ya anga jeusi, jicho hufika magnitudi 6 au zaidi. Katikati ya jiji unaweza kuishia 3 au 4.

Jipime kwa kundinyota unalolijua. Kuanzia Desemba hadi Aprili, jioni, tumia Jabari, ambalo ramani nyingi huliandika Orion. Nyota nne za pembeni na tatu za mshipi huonekana karibu kila mji. Sasa tafuta Meissa, nyota ya kichwa chake, yenye magnitudi 3.4 hivi. Ukiiona bila kubahatisha, anga lako si baya hata kidogo. Kuanzia Aprili hadi Julai, ukiwa kusini au karibu na ikweta, tumia Salibu: nyota nne kubwa ni rahisi, na ya tano iliyojibanza kati yake ina magnitudi 3.6. Walio kaskazini watumie Dubu Mdogo; mjini nyota zake tatu tu ndizo hubaki, kwa sababu nne nyingine ni hafifu kuliko magnitudi 4.

Rudia kipimo hiki kwenye kona mbalimbali na saa mbalimbali. Baada ya wiki chache utajua kona ipi ni bora.

Hatua ya 4: Chagua saa na upande

Tazama juu. Kitu kilichoko utosini mwanga wake hupita kwenye hewa kidogo. Kikiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, mwanga hupita kwenye hewa mara mbili ya hiyo, na huko chini ndiko ukungu wa taa ulikojaa. Ngumi iliyonyooshwa mbele kwa urefu wa mkono ni nyuzi 10 hivi, kwa hiyo chochote kilicho chini ya ngumi tatu subiri hadi kipande juu zaidi, isipokuwa kiwe sayari angavu.

Usiku unaofuata mvua ndio wa kuusubiri. Mvua huosha vumbi hewani, na hewa safi hutawanya mwanga kidogo. Saa sita za usiku kwenda mbele nazo husaidia, kwa kuwa maduka na madirisha mengi yamezimwa.

Hatua ya 5: Anza kwa macho matupu

Zuhura na Mshtarii vinashinda uchafuzi wowote wa mwanga. Zuhura hufika magnitudi −4.6. Mirihi na Zohali navyo huonekana bila shida. Nyota humetameta, sayari hutulia zaidi: hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuzitofautisha. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachozunguka Dunia kila baada ya dakika 90 hivi, huvuka anga la jiji waziwazi mara baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza.

Hatua ya 6: Darubini ya macho mawili

Kama utanunua kifaa kimoja tu, kiwe hiki, cha 10×50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi kwa milimita. Ile ya 7×50 inasifiwa sana kwa anga jeusi, lakini mjini mboni haipanuki kabisa, hivyo sehemu ya mwanga wake huishia nje ya mboni.

Hapa pana jambo ambalo ukilielewa utaacha kuhangaika. Nyota ni nukta. Ukiikuza inabaki nukta, na mwanga wake haupungui. Anga lililo nyuma yake si nukta, ni uso mpana. Ukuzaji ukiongezeka maradufu kwa lenzi ileile, mwanga wa anga hutandazwa kwenye eneo mara nne, basi anga linafifia na nyota inajitokeza. Ndiyo maana darubini hufanya kazi nzuri mjini kwa nyota na mafungunyota. Kwa galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota yaliyo mbali sana, ni kinyume. Galaksi ya Andromeda ina magnitudi 3.4, lakini mwanga huo umesambaa kwenye eneo pana kuliko Mwezi mpevu mara kadhaa, kwa hiyo anga la jiji huimeza, ukabaki na kiini chake tu. Usipoteze usiku wako kuwinda galaksi.

Elekeza kwanza kwenye Kilimia. Macho matupu mjini huona nyota nne au tano, pengine ukungu tu. Darubini inakupa kadhaa kwa mpigo. Fungunyota M7, karibu na mkia wa kundinyota la Nge, linafaa Juni hadi Septemba. Halafu egemeza viwiko ukutani, utazame Mshtarii: miezi minne aliyoigundua Galileo mwaka 1610 imejipanga pembeni yake, na ukirudi kesho mpangilio umebadilika, maana Io humaliza mzunguko wake kwa saa 42 na nusu tu.

Onyo moja: ukitafuta Zuhura jioni, subiri jua lizame kabisa ndipo uinue darubini. Jua likiingia kwenye lenzi linapofua.

Hatua ya 7: Darubini ya kusimamisha

Mwezi usiutazame ukiwa mpevu; hauna vivuli. Utazame karibu na nusu ya kwanza, ukifuata mstari unaogawa mchana na usiku wake. Siku moja au mbili baada ya nusu hiyo, kasoko (shimo kubwa la duara) la Copernicus, lenye upana wa kilomita 93 hivi, linaanza kupata jua. Pete za Zohali zinahitaji ukuzaji wa mara 25 au zaidi. Kwa nyota pacha anza na Albireo, moja ya dhahabu na nyingine ya buluu, kisha ugawe Acrux iliyoko chini ya Salibu.

Toa darubini nje nusu saa kabla, ipoe, na usitazame juu ya paa la jirani: joto lililohifadhiwa mchana hupanda na kuitikisa picha. Kupitia kioo cha dirisha pia haifai. Kuna pia vichujio vya kufunga kwenye darubini ili kupunguza mwanga wa jiji. Vya zamani vilitengenezwa kukata mwanga wa taa za sodiamu. Taa nyeupe za LED hutoa karibu rangi zote, kwa hiyo ukizikata unakata na nyota. Mimi nisingenunua.

Hatua ya 8: Fuatilia nyota inayobadilika

Betelgeuse, bega la Jabari, huwa na magnitudi 0.5 hivi. Kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020 ilififia hadi karibu 1.6, kwa sababu ya vumbi ililolitoa yenyewe, na watu wa mijini waliliona hilo bila kifaa chochote. Ilinganishe na nyota mbili za jirani: Procyon, yenye 0.4, na Aldebaran, yenye 0.9 hivi. Andika tarehe, saa na ipi imeizidi nyingine. Fanya hivyo zinapokuwa kwenye kimo kinachokaribiana, la sivyo iliyo chini itaonekana hafifu kwa sababu ya hewa, na rekodi yako itakuwa ya hewa badala ya nyota.