Jinsi ya kuwasimulia watoto maisha ya Mtakatifu Francis Xavier

Usianze na mwaka wa kuzaliwa. Ukisema mmisionari huyu Mjesuiti alizaliwa 1506, Navarra, Hispania ya leo, kabla hujafika Paris alikosoma watoto washachoka. Mimi huanzia hapa hapa Malindi. Nawapeleka kwenye kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti na makaburi uani, nawaambia: mwaka 1542, akiwa njiani kwenda Goa, India, alishuka hapa akamzika baharia wa meli yao. Hapo nyamaza kidogo. Waache waguse ukuta.

Barua yake kuhusu safari hiyo usiiruke. Anaeleza kuwa Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimuuliza kama Wakristo wa kwao huenda kanisani, maana kati ya misikiti 17 ya Malindi ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Wanafunzi wangu wana majirani Waislamu, wengine ni jamaa kabisa, kwa hiyo swali hilo lisimulie kwa heshima: wote wawili waliumia kwa jambo moja, watu kupoa katika ibada.

India na Japani nazipitia upesi. Kifo usikiharakishe: Desemba 1552, kisiwa cha Shangchuan, China bara iko ng'ambo tu, naye hakuifikia. Hapo fungua ramani. Mtoto mmoja aweke kidole Malindi, mwingine Shangchuan.