Jinsi ya kuchagua muvi ya kutisha au ya ngumi usije ukalala katikati

Wakuu habari za wikendi. Mimi sio mchambuzi wa filamu, mi ni mtu wa kawaida tu niko Nkuhungu hapa Dodoma, wiki nzima niko kwenye mihangaiko na ikifika Ijumaa usiku nataka muvi moja kali ya mazimwi au ya ngumi au ya mambo ya anga za juu, zile za mapenzi na kulia lia namwachia mama watoto. Shida ya wengi wetu tunachagua kwa kuangalia picha ya juu na trela, afu dakika ya 40 mtu ushashika simu unachati. Ngoja niwape namna ninavyochagua mimi, na humo humo ntasema zipi naona kali na zipi zinasifiwa bure, mkibisha bisheni tu.

Kitu cha kwanza kabisa, mwambie yule dogo wa maktaba anaekuwekea muvi kwenye flashi akusimulie kwa sentensi moja inahusu nini. Moja tu. Akikwambia "polisi wameingia kwenye ghorofa limejaa wahuni, bosi wao yuko juu kabisa, wametegewa hawatoki", weka hiyo haraka sana, hiyo ni The Raid ya Indonesia ya 2011 na mpaka leo sijaona muvi ya ngumi inayoifikia kwa jinsi watu wanavyopigana kwenye korido nyembamba na hakuna pa kukimbilia. Akikwambia "zombi wamepanda treni", ni Train to Busan ya Wakorea ya 2016, na hii kama ushapanda SGR kwenda Dar utaielewa vizuri zaidi maana ni yale yale mabehewa, siti, milango ya kati, mtu wa chooni, sasa fikiria behewa la nyuma lote limeshageuka na nyie mko mbele mnashikilia mlango. Lakini dogo akianza "yani kuna jiwe, sasa hili jiwe zamani lilikua la mfalme, afu kuna dunia nyingine" mwambie asante mdogo wangu weka nyingine. Sisemi muvi za stori ndefu ni mbaya, nasema usiku wa Ijumaa umechoka hautaziweza.

Cha pili angalia masharti. Muvi yoyote ya kutisha ina masharti yake, zimwi linafanya nini haliwezi nini, na muvi nzuri inayatangaza mapema afu inayaheshimu mpaka mwisho. Sinners ya 2025 ya Ryan Coogler ndo mfano wangu wa sasa hivi, Michael B. Jordan kacheza mapacha wawili huko Mississippi mwaka 1932 wanafungua ukumbi wa muziki, na wale wanyonya damu hawawezi kuingia ndani mpaka wakaribishwe. Jamani sisi ambao hodi na karibu tumezaliwa nazo hiyo muvi inatushika pabaya, mtu kasimama mlangoni anatabasamu anapiga hodi kistaarabu kabisa, na ww kwenye kochi unasema usijibu, usijibu, kaa kimya. Nusu ya kwanza inaenda taratibu sana kuna watu watachoka, ila vumilieni, ule utaratibu ndo unafanya uwajue watu kabla hawajaanza kufa.

A Quiet Place ya 2018 nayo ni hivyo hivyo, sharti ni moja, ukipiga kelele umekwisha. Basi. Hakuna anaekuhubiria mengi.

Sasa angalia walioyatupa masharti yao. Fast and Furious ilianza 2001 kama muvi ya vijana wa magari mtaani, ya tano ya 2011 kule Rio mi naona ndo bora kuliko zote, lakini kufika ya tisa ya 2021 gari limepelekwa mpaka angani juu huko nje ya dunia na watu wamerudi wazima. Baada ya hapo utaogopa nini tena? Hata mtu akining'inia kwenye daraja unajua huyo atatoka, unaenda kuchemsha chai. Zamani tulikua tunasema steringi hafi, sawa, lakini angalau alikua anaumia.

Na hili la steringi linanileta kwenye muvi za zamani maana vijana wengi mnaziruka mkiona tu rangi imefifia. Alien ya 1979 mnatakiwa muione. Watu saba wako ndani ya chombo cha anga za juu na zimwi limeingia, na kwa muda mrefu hujui steringi ni nani, Sigourney Weaver wakati ule hakua na jina kubwa, kwahiyo watazamaji wa kipindi hicho walikua wanamfuata nahodha wakidhani ndie. Sikwambii zaidi. Afu kitu ambacho wengi hawajui, aliekua ndani ya lile gamba la zimwi ni Mnigeria, anaitwa Bolaji Badejo, kijana mwembamba mwenye urefu wa zaidi ya mita 2 waliekutana nae baa huko London, ndo maana yule mdudu ana mikono na miguu mirefu mpaka unajiuliza kama kuna mtu mle. Ukishajua hilo iangalie tena ile pale anapojikunjua kutoka kwenye kona, polepole, kama mtu anaetoka kulala kwenye kitanda kifupi.

Alien wanalificha zimwi lao muda mrefu, na Jaws ya 1975 ni hivyo hivyo papa anafichwa, ila pale haikua ujanja, ni kwamba papa wao wa mashine alikua anaharibika kila mara kwa sababu ya maji ya chumvi, mwongozaji Spielberg ikabidi aonyeshe maji tu na muziki, na zaidi ya saa nzima inapita hujamuona vizuri. Muvi nyingi za sasa zimwi unaliona dakika ya kumi, kubwa, linang'aa, la kompyuta, na ndo hapo woga unaisha. Ila sio sheria ya moja kwa moja, The Thing ya John Carpenter ya 1982 inakuonyesha kila kitu, nyama, utumbo, kichwa kinaota miguu, na bado unaogopa kwa sababu ni vitu vya kushikika walivitengeneza kwa mikono, na kwa sababu zimwi lenyewe linajigeuza mtu, hujui nani kati ya wale wanaume kambini ni mtu kweli. Ilivyotoka haikufanya vizuri, ilitoka mwezi mmoja na E.T., ile muvi ya kiumbe wa anga za juu, watu wakamchagua yule mgeni mpole. Mi ningewaacha na E.T. wao.

Sio za zamani zote lakini. Commando ya 1985 tuliyokua nayo wote ukiirudia leo ni komedi, mtu mmoja anamaliza kisiwa kizima na risasi zinamkwepa zenyewe, iangalie ila uiangalie na washkaji wa kucheka nao.

Kuhusu mwendelezo, yani namba 2, namba 3, sheria yangu ni uangalie kama wamebadilisha kitu au wameongeza tu. Terminator 2 ya 1991 iligeuza, yule adui wa kwanza amekua mlinzi, ndo maana imeipita ya kwanza. Prey ya 2022 ilimrudisha Predator, lile zimwi mwindaji kutoka anga za juu, mwaka 1719 kwa binti wa Kikomanche, kabila la wenyeji wa Marekani, mwenye shoka na mbwa, hana bunduki za kisasa wala helikopta, na kwa maoni yangu ni bora kuliko zote baada ya ile ya Schwarzenegger ya 1987. John Wick ya kwanza ya 2014 sababu ni mbwa tu, safi, fupi. Ya nne ina dakika 169! Ngumi ni tamu lakini kuna sehemu nilitamani mtu akae anywe maji.

Haya, umeshachagua, bado kuna namna ya kuangalia. Kama ni A Quiet Place usijaribu saa mbili usiku kwenye nyumba za kupanga, jirani ana taarabu, bodaboda zinapita, na mwezi wa saba upepo wa huku mnaujua, bati zinagonga usiku kucha na huwezi kutofautisha ni muvi au ni paa lako. Subiri saa tano, vaa hedifoni. Ya ngumi haina shida, hata kibanda umiza unaenda na kelele zote zinanoga.

Na zile zilizotafsiriwa, zenye sauti ya jamaa anakusimulia juu yake kama enzi za mtafsiri Lufufu, mimi nazipenda sana kwa muvi za ngumi na za vita, mtafsiri mzuri anaongeza utamu anamtania adui mpaka unasahau muvi yenyewe ni mbovu. Kwa muvi ya kutisha usithubutu. Ule ukimya ndo muvi yenyewe, sasa jamaa akiujaza na "oyaa huyu dada sijui anaenda wapi" imeisha hiyo. Chukua yenye maandishi ya chini. Na iliyorekodiwa na kamera kwenye ukumbi wa sinema, mpaka vichwa vya watu vinapita mbele, kataa hata ukipewa bure, muvi za kutisha karibu zote ni giza na utaona giza tupu.

Mwisho angalia umekaa na nani. Hereditary ya 2018 ni kali sana ila ni msiba mtupu wa familia, usiiweke sebuleni kuna wageni, mtakaa kimya mpaka asubuhi, hiyo angalia peke yako. The Conjuring ya 2013 ndo ya kundi, watu wanapiga kelele pamoja wanacheka. Kukiwa na wazee wanaosema muvi za kizungu hazitishi watafutie za kwetu, Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi za miaka ya 2000, picha zake leo utazicheka lakini mizimu na majini yale yanatoka kwenye stori ambazo bibi yako alishakwambia, na mama mkwe wangu ambae kwa Alien alisinzia, kwa Nsyuka aliomba taa iwashwe. Watoto wapelekeni kulala kwanza, na laptopu ijae chaji kabla ya saa moja maana umeme ukikatika dakika 20 kabla ya mwisho hakuna atakaekulipa.