Kugeuza gereji kuwa chumba Dar es Salaam ukiwa mbali: pesa inaishia wapi

Nyumba nyingi za Mbezi Beach, Tegeta, Goba na Kigamboni zina gereji ambayo haijawahi kulaza gari hata usiku mmoja. Ndani mna magodoro ya zamani, mifuko ya saruji iliyoganda, jenereta bovu na baiskeli ya mtoto ambaye sasa yuko chuo. Ndipo linapokuja wazo, mara nyingi kwa simu ya Jumapili: mama miguu inamsumbua, tumtengenezee chumba chenye choo chake hapo chini. Au mdogo wetu kaoa, hana pa kuanzia. Au wewe mwenyewe unataka pa kufikia ukija Desemba bila kuwatoa watoto vitandani.

Wazo ni zuri. Kuta zipo, paa lipo, kiwanja kipo. Tatizo ni kwamba wengi humwita fundi wakidhani kazi ni kuziba geti na kupaka rangi. Kuziba geti ni kazi ndogo kuliko zote. Fedha zinaishia kwenye sakafu, kwenye bomba la maji machafu na kwenye paa, na vitu hivyo vikishafunikwa havionekani kwenye picha ya WhatsApp. Uliye Minneapolis au Birmingham unaishi na picha. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye yale yanayofukiwa.

Kabla ya kutuma shilingi

Gereji huwa mbele ya kiwanja, na mbele ndiko kuliko na barabara. Hakikisha haimo ndani ya hifadhi ya barabara. Waliovunjiwa Kimara mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro wanaujua uchungu huo, na wengine walikuwa na nyumba kamili, siyo gereji. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa ziko chini ya TARURA. Kama ukuta uliwahi kupigwa X, alama ya kubomolewa, hata kama mvua imeshaifuta, suala hilo limalizwe kwanza.

Kubadili gereji kuwa makazi kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri yenu: Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wataijua kazi hiyo siku ya kwanza lori la mchanga likiingia, ni heri waijue kwa heshima. Mchoro uchorwe na mtu aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya wasanifu majengo, hata kama ni chumba kimoja.

Halafu kuna jambo ambalo ndugu huona haya kuliuliza: nyumba ni ya nani kwenye karatasi? Kama baba alifariki na mirathi haijafunguliwa, unajenga kwenye mali ya warithi wote, na chumba ulichokilipia wewe kitagawanywa pamoja na nyumba. Na kama ulishachukua uraia wa huko, kumbuka Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikuruhusu asiye raia kumiliki ardhi nje ya uwekezaji; mwulize wakili hali yako ikoje leo. Fungueni mirathi, andikianeni makubaliano mbele ya wakili, kisha ndipo mzungumzie tofali. Hakuna ubaya wowote kwa mama yako katika hilo.

Sakafu

Sakafu ya gereji ilimwagwa kwa ajili ya gari. Imeelekezwa getini ili maji ya kuoshea yatoke, mara nyingi iko chini ya sakafu ya nyumba kwa ngazi moja au mbili, na mara nyingi fundi hakuweka nailoni chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Maana yake unyevu wa ardhini unapanda taratibu, na ukiweka kitanda, nguo na jipsamu, vyote vitaota ukungu.

Kuna kipimo ambacho mpwa wako anaweza kukifanya leo bila gharama. Asafishe sehemu ya sakafu, aweke kipande cha nailoni nzito chenye upana kama wa nusu mita kila upande, azibe kingo zote nne kwa gundi ya karatasi hewa isipite, kisha akiache usiku kucha mpaka kesho yake mchana. Akikifunua akukute hewani kwa video. Chini ya nailoni kukiwa na matone, au sakafu imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, unyevu unapanda. Arudie sehemu mbili tatu, hasa pembeni ya kuta.

Unyevu ukiwapo, tiba ni kuinua: kifusi kilichoshindiliwa vizuri, nailoni juu yake, kisha zege jipya. Gereji ya mita 3 kwa 6 ni mita za mraba 18. Zege la sentimita 10 hapo ni ujazo wa mita 1.8, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko kama 12 ya saruji ya kilo 50. Fundi akikuambia 25, aeleze. Pima pia urefu wa juu kabla ya kuinua, kwa sababu ukipandisha sakafu kwa sentimita 25 na paa la gereji ni fupi, utapata chumba cha kuinamia. Palipo na madoa ya oili, zege la zamani lichongwe, la sivyo marumaru hayatashika.

Na swali la masika: mvua ikipiga ile ya Aprili, maji yanakuja wapi? Mitaa mingi ikiwekwa lami, barabara huinuka na nyumba za zamani hubaki shimoni. Gereji ndiyo ya kwanza kupokea maji hayo. Kama unaweza kusubiri, mwombe mtu arekodi getini wakati mvua inanyesha, masika ya Machi hadi Mei au vuli ya Oktoba hadi Desemba. Video moja ya mvua ina thamani kuliko picha mia za jua kali.

Choo

Hapa ndipo bajeti nyingi hufia. Sehemu kubwa ya jiji haina mtandao wa majitaka wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kila nyumba ina shimo lake, na shimo kwa kawaida liko uani. Gereji iko mbele. Bomba la nchi 4 linatakiwa kushuka kama sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za mwendo. Toka gereji hadi shimo ni mita 20? Basi bomba linatakiwa kuingia shimoni likiwa chini kwa nusu mita kuliko lilivyotoka chooni. Sasa kumbuka kwamba sakafu ya gereji tayari iko chini kuliko ya nyumba. Mara nyingi hesabu haikubali: bomba linafika likiwa chini ya mdomo wa shimo.

Fundi asiye mwaminifu atalilaza bomba karibu usawa, afukie, akulipishe. Miezi mitatu baadaye choo kinarudisha. Fundi mwaminifu atakupa njia mbili. Ya kwanza ni kuinua choo juu ya ngazi, ambayo kwa mama mwenye magoti mabovu haifai kabisa. Usiikubali kwa sababu ni rahisi. Ya pili ni kuchimba shimo jipya mbele, dogo, kwa ajili ya chumba hicho. Hilo linahitaji nafasi, njia ya gari la majitaka kufika, na umbali wa mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani. Msasani, Mikocheni na Sinza maji ya ardhini yako karibu, shimo la kunywea, lile linaloacha maji yazame ardhini, hujaa masika. Hapo shimo liwe la kuzibwa vizuri na mjiandae kulinyonya mara kwa mara.

Kabla mtaro haujafukiwa omba vitu viwili. Picha ya pimamaji ikiwa imelala juu ya bomba, kiputo kikionekana. Na video ya ndoo ya maji inayomwagwa upande wa choo, mtu mwingine akiwa amesimama kwenye chemba ya mwisho akionyesha maji yakifika. Kila kona iwe na chemba yenye mfuniko unaofunguka.

Joto na hewa

Gereji nyingi zimeezekwa kwa bati moja la mteremko, bila dari, na kuta mbili kati ya nne zimegusana na nyumba au uzio. Januari hapo ndani ni tanuri. Weka dari, acha nafasi ya hewa kati yake na bati, weka matundu ya kutolea joto pande mbili, na bati lipakwe rangi nyeupe. Dirisha moja kubwa halisaidii kama hewa haina pa kutokea. Upepo wa kusi hutoka kusini mashariki kuanzia karibu Aprili, kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba; mwulize mchoraji chumba kitapokea upi na kuutolea wapi. Usifungue dirisha kuelekea kiwanja cha jirani kwenye ukuta wa mpaka. Atalalamika, na atakuwa na haki.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinatosha mita 18 za mraba zikiwa na dari. Nyavu za mbu ni lazima. Grili za dirisha, nazo, ziwe na sehemu inayofunguka kwa ndani. Chumba chenye mlango mmoja na grili zilizochomelewa ni mtego moto ukitokea, na huyo unayemjengea huenda hakimbii.

Ukuta wa geti wenyewe ni mambo machache. Uwazi wa mita 2.5 kwa 2.2, ukitoa dirisha, unakula tofali zisizofika 40. Kabla ya kujenga, chimba msingi chini ya kizingiti, kwa sababu hapo mara nyingi pana jamvi tupu. Ukuta mpya ushikizwe na wa zamani kwa nondo. Mfyatuaji anayejisifu kwamba mfuko mmoja unamtolea tofali 50 za nchi 6, muepuke. 30 hadi 35 ndizo tofali. Na maji ya kisima chenye chumvi yasichanganye zege wala lipu, chumvi hula nondo na kubandua rangi.

Umeme: gereji kwa kawaida ina taa moja na soketi moja. Kiyoyozi kiwe na waya wake toka kwenye boksi kuu, na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama ni mpangaji atakayekaa, fikiria mita yake ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwaka 2022 TANESCO walirudisha gharama za kuunganisha mjini kuwa shilingi 320,960 kwa walio ndani ya mita 30 za nguzo. Ujue kwamba kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mita ya pili inaweza kukatwa nayo mpaka muwaone wahusika. Kwa ndugu wa damu, sabmita, yaani mita ndogo ya ndani inayopima matumizi ya chumba hicho, inatosha.

Pesa na msimamizi

Kwa maoni yangu, gereji ya ukubwa huo ikiwa na choo, bila shimo jipya na bila kubadili paa, usianze ukiwa na chini ya milioni 7. Shimo jipya na kuinua sakafu vikiingia, andaa milioni 10 hadi 12. Kiyoyozi na samani ni juu ya hapo. Weka asilimia 15 ya dharura na usimwambie mtu kwamba ipo.

Tenganisha vifaa na ufundi. Vifaa: duka litume profoma, yaani orodha ya bei kabla ya malipo, ulipe dukani moja kwa moja kwa benki au lipa namba, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itumwe siku hiyohiyo. Ufundi: lipa kwa hatua iliyokamilika na kuonekana, siyo kwa siku wala kwa shida. Hatua ziwe msingi na sakafu, mabomba yakiwa wazi, ukuta na lipu, dari na umeme, kisha marumaru na rangi. Fundi atapiga simu kuomba hela ya kula, na kuna siku kweli hana; mpe, lakini iandikwe na ikatwe kwenye hatua inayofuata.

Saa 2 asubuhi ya Dar, kazi inapoanza, Minneapolis ni saa 5 au 6 usiku. Huwezi kusimamia ukiwa umelala. Mtafute ndugu anayepita kila siku na umlipe waziwazi, kiasi mlichokubaliana, na nauli yake. Usimwachie ajilipe kutoka kwenye saruji, halafu umwite mwizi. Mkitaka kuwa makini zaidi, mwajirini fundi sanifu au mhandisi apite mara tatu tu: kabla zege halijamwagwa, kabla mtaro haujafukiwa, kabla dari haijafungwa.

Asilimia 10 ya ufundi ibaki mkononi kwako mpaka masika moja ipite, na hilo liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, fundi akisaini mbele ya mtendaji wa mtaa. Mvua ikiisha, mama au yeyote anayelala humo akupigie aseme kama ukuta una alama ya maji na choo kinashuka. Hapo umalizie deni la watu.